Mgonjwa wa Chumba cha Mapumziko

Siku yenyewe ilianza vizuri. Daktari alikunywa chai amesimama jikoni, kama kawaida yake, huku dada yake mkubwa akimlalamikia bomba lililokuwa likivuja chini ya sinki. Akaahidi kuleta fundi. Ilikuwa mara ya nne kuahidi, na dada akamwambia kwa ahadi zile angekuwa ameshachaguliwa mbunge siku nyingi. Wakacheka wote wawili. Kisha dada akamnyooshea ukosi wa shati uliojikunja upande mmoja, maana alimlea tangu ana miaka mitano, mama yao alipofariki, na mpaka leo hakubali kwamba kijana amekua. Kijana mwenyewe ana miaka hamsini na mitatu na kichwa kizima ni mvi.

Huyu daktari ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Haya ninayoyasimulia aliyatoa kwa kinywa chake mwenyewe, mchana kweupe, dada yake akiwa ameketi pembeni bila kumkatiza. Asiyetaka kuamini halazimishwi.

Kazi yake ni kufundisha katika chuo cha udaktari cha mkoa, kile kilichounganishwa na hospitali ya rufaa kwa njia ndefu yenye paa la bati. Hapo alisoma, hapo alifanya mafunzo ya vitendo, hapo amezeekea. Utafiti wake juu ya wagonjwa wa tumbo wanaocheleweshwa kufika chumba cha upasuaji umesomwa mpaka nchi za mbali, na wiki iliyofuata alikuwa athibitishwe kuwa mkuu wa chuo. Wanafunzi walimwita Kengele, kwa sababu siku za mtihani yeye ndiye aliyeishika kengele, na hakuwa na huruma hata ya sekunde moja. Jambo la pili walilomjua nalo ni mikono. Ole wake mwanafunzi aliyeandika kwamba tumbo la mgonjwa ni laini bila kuligusa. "Gusa kwanza, andika baadaye," alikuwa akiwaambia, na wengine walimwigiza kantini mpaka watu wakashika mbavu. Hakuna aliyejua maneno yale yalitoka wapi.

Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa vituo, mtihani wa mwisho kabla ya mwanafunzi kuitwa daktari. Vyumba kumi na viwili vimepangana kwenye korido moja, wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja anaanzia chumba chake. Kengele ikilia, unaingia. Baada ya dakika nane inalia tena, unatoka na kusogea chumba kinachofuata, mpaka umevimaliza vyote. Chumba kimoja kina picha za eksirei, kingine kina mwanasesere wa kufanyia mazoezi ya kushtua moyo, na vingine vina wagonjwa wa kuigiza, yaani watu wazima wenye afya zao waliofundishwa kuumwa. Kuna mstaafu mmoja wa posta ambaye ni bingwa wa maumivu ya kifua. Mwaka juzi aliigiza vizuri hata mwanafunzi akatoka mbio kwenda kumwitia machela.

Chumba cha saba hakina mtihani. Ni cha kupumzika. Kina kiti, meza ndogo na jagi la maji. Mwanafunzi hukaa humo dakika nane, anakunywa maji, anamwomba Mungu wake, anatoka. Na sheria ya siku hiyo ni kwamba hakuna mwanafunzi kusema na mwenzake mpaka wote wamalize.

Daktari alikuwa amesimama kwenye korido, kengele mkono wa kulia, saa mkono wa kushoto, na barua mfuko wa ndani wa koti. Barua hiyo tuiseme mapema, maana ndiyo iliyobeba kila kitu. Ilitoka Baraza la Wauguzi. Baraza lilikuwa likipitia upya mafaili ya wauguzi waliofukuzwa zamani, na faili mojawapo lilikuwa la dada yake. Walimuuliza swali moja: usiku ule, miaka ishirini na sita iliyopita, muuguzi alikuita au hakukuita? Jibu lifike kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku hiyo. Jibu alikuwa ameshalichapa. Lilikuwa na neno moja, chini yake sahihi: Hakuniita.

Ulikuwa uongo, na aliujua kuwa uongo. Alikaa na ile karatasi siku tisa akijiambia kwamba mambo yamepita, kwamba dada mwenyewe hajawahi kulalamika, kwamba ukimtikisa mtu mzima kwa habari za zamani unamuumiza bure. Maneno ya mtu anayejitafutia pa kulala.

Mzunguko wa kwanza uliisha. Karani wa mitihani, mama mnene asiyeogopa mtu, alipita akikusanya karatasi za majibu chumba hadi chumba. Alipomfikia daktari alisimama.

"Kwani chumba cha saba nacho kina swali mwaka huu?"

Daktari akamwambia hakina, ni cha mapumziko kama siku zote. Karani akamwonyesha karatasi. Basi huyu mtoto kapumzika kwa kuandika, alisema, akaendelea na safari yake.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Mama, miaka arobaini na miwili. Maumivu ya tumbo siku mbili. Ana homa, anatetemeka.

Daktari alidhani mwanafunzi kachanganyikiwa kwa woga. Hutokea. Kuna mmoja aliwahi kumsalimia mwanasesere na kusubiri aitikiwe. Akaikunja karatasi, akapiga kengele.

Mzunguko wa pili ulipoisha, karani alileta nyingine. Mwandiko tofauti, mwanafunzi tofauti. Mama yuleyule. Anasema maumivu yalianzia kitovuni, sasa yamehamia chini upande wa kulia. Ametapika mara nne.

Ya tatu ilisema: ana watoto watatu nyumbani, wa mwisho bado ananyonya. Maziwa yamemjaa kifuani, yanamuuma nayo.

Hapo daktari aliirudia kuisoma. Habari ya maziwa haikuwahi kuandikwa kwenye faili lolote. Yeye mwenyewe aliijua kwa sababu moja tu, kwamba dada yake alimwambia usiku ule alipokuja kumwita mara ya kwanza.

Akaenda chumba cha saba, mwanafunzi wa nne akiwa bado hajaingia. Akafungua mlango. Kiti, meza, jagi la maji. Dirisha limefungwa. Jua la asubuhi limelala sakafuni. Akainama hata chini ya meza, mtu mzima na heshima zake. Hapakuwa na mtu.

Alipiga kengele. Mwanafunzi wa nne, kijana mrefu mwenye miwani, akaingia na kufunga mlango. Mlango ule una kioo chembamba cha kuchungulia. Daktari alisubiri kidogo, kisha akachungulia.

Kijana alikuwa amesimama mbele ya ukuta mtupu. Alikuwa akiongea. Akatikisa kichwa, akaandika, akauliza tena. Kisha akaweka kalamu mezani. Akasugua viganja vyake viwili, haraka haraka, vipate joto, kama anavyofundishwa kila mwanafunzi wa chuo kile kabla ya kugusa tumbo la mtu. Akainama. Akabonyeza hewani, taratibu, huku macho yake yakitazama mahali ambapo pangekuwa na uso wa mgonjwa.

Akarudisha mkono ghafla.

Karatasi ya nne ilisema: tumbo gumu kama ubao. Anahitaji upasuaji sasa hivi. Chini yake kijana alikuwa amepiga mstari mara mbili.

Ungeuliza kwa nini daktari hakusimamisha mtihani. Nami nilimuuliza. Alisema angesimamisha kwa sababu ipi? Wanafunzi wote waliona mgonjwa wa kuigiza, mmoja kati ya wengi, tena hodari kuliko wote. Aliyeona chumba kitupu alikuwa yeye peke yake. Tena kulikuwa na jambo jingine, alilolisema akitazama chini: alitaka kujua mama yule atasema nini mwisho.

Usiku ule yeye alikuwa daktari wa mafunzo, kijana wa miaka ishirini na saba, amekesha usiku wa pili mfululizo. Dada yake alikuwa muuguzi wa zamu katika wodi hiyohiyo. Mama mmoja alilazwa kwa maumivu ya tumbo. Daktari wa asubuhi alikuwa amempima na kuandika: tumbo laini, haliumi. Usiku dada alikuja mara ya kwanza, akasema yule mama anazidiwa, mtoto wake ananyonya, maziwa yamemjaa, homa inapanda. Kijana akasema anakuja. Dada akaja mara ya pili. Akasema anakuja. Mara ya tatu dada alimshika mkono wa koti akamnong'oneza, "Njoo umguse tu, mdogo wangu. Mguse tu." Akanyanyuka, akaenda mpaka meza ya wauguzi, akafungua faili. Kitanda kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale. Hakwenda. Alinakili maneno ya mwenzake wa asubuhi, neno kwa neno, akaongeza neno moja mbele yake na agizo moja nyuma yake: Nimempima. Tumbo laini, haliumi. Muuguzi aniite homa ikipanda. Akarudi kulala. Dada aliandika chati ya homa mpaka saa kumi na moja alfajiri, kisha hapakuwa tena na cha kuandika.

Kulipokucha mume wa yule mama alikuja na nguo safi za kumrudishia mkewe nyumbani. Alizishika mkononi muda wote alipokuwa akielezwa.

Kamati ilikaa. Daktari kijana akaulizwa, akasema aliacha maagizo aitwe, hakuitwa. Wakamgeukia muuguzi. "Ulimwita?" Dada akamtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa akitazama viatu vyake. Dada akasema, "Sikumwita."

Alifukuzwa kazi, akafutwa kwenye orodha ya wauguzi. Akahamia kwa mdogo wake, akamlelea watoto wanne, wanamwita shangazi na wanampenda kuliko wanavyompenda baba yao. Hawajui kwa nini shangazi hapiti njia ya hospitali hata kama ndiyo fupi. Jambo lile halikuwahi kutajwa kati yao wawili. Miaka ishirini na sita, nyumba moja, meza moja.

Karatasi ya tano: anasema hakuna aliyemgusa tangu usiku uingie. Ya sita: anasema daktari alikuja, akaishia mezani. Ya saba: anaomba maji, nimempa kidogo. Daktari alikwenda kuangalia jagi. Lilikuwa limepungua, na mezani palikuwa na duara la maji ambapo gilasi ilikaa. Lakini mwanafunzi naye angeweza kunywa, akajiambia. Akaipiga kengele kabla ya wakati. Karani alimtazama, maana jambo hilo halikuwahi kutokea.

Ya nane: nimemuuliza jina la daktari wake. Anasema hakumwambia jina. Ya tisa: homa imezidi. Anaita watoto wake.

Ya kumi haikuwa na habari za ugonjwa. Mwanafunzi alikuwa ameandika tu: ameniomba nimshike mkono, nikamshika mpaka kengele ilipolia. Samahani, sikuandika mengine.

Daktari alikaa kwenye benchi la korido na kuilaza ile karatasi magotini. Alisema pale ndipo aliposikia aibu, si hofu. Aibu tupu, ya kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Kijana ambaye hajapewa hata cheti alikuwa amefanya kwa dakika nane kile ambacho yeye hakukifanya usiku kucha.

Ya kumi na moja: kuna nesi amesimama naye. Anasema nesi huyo asilaumiwe.

Mzunguko wa mwisho chumba cha saba kiliingiwa na msichana mwembamba, mkimya, yule ambaye huulizwa swali akajibu kwa sauti ya kuomba radhi. Kengele ilipolia wengine wote walitoka wakipumua, mtihani umekwisha, wakaanza kucheka na kupigana mabega. Yeye alitoka wa mwisho. Hakumpa karani karatasi. Alimjia daktari moja kwa moja, akasimama karibu sana, akanong'ona.

"Daktari, mgonjwa wa chumba cha saba anasema amechoka kutuonyesha sisi."

Daktari akamwinamia amsikie vizuri.

"Anasema sasa mwalimu wenu aje."

Msichana akainamisha kichwa kwa heshima, akaondoka. Korido ikabaki tupu. Karani alikuwa ofisini kwake akihesabu karatasi. Ilikuwa saa nne kasoro, jua kali nje, wauza vocha wanaitana getini. Daktari anasema aliitazama kengele mkononi mwake muda mrefu. Hakuna mwanafunzi aliyebaki. Hakukuwa na sababu ya kuipiga.

Akaipiga. Akaingia.

Kiti. Meza. Jagi.

Akafunga mlango. Akasimama katikati ya chumba, akajihisi mjinga. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amekuja. Akangoja. Dakika moja ilipita, kisha ya pili. Alianza kuamini kwamba amezeeka, kwamba kukosa usingizi siku tisa kumemharibu kichwa. Akashika kitasa atoke.

Nyuma yake mtu aliguna.

Mguno mdogo. Wa mtu anayejizuia asisumbue wengine usiku wodini.

Hakugeuka mara moja. Alipogeuka hapakuwa na kitu. Jua sakafuni, vumbi likielea. Ndipo akafanya alichokuwa akiwafundisha watoto wa watu kwa miaka yote hiyo. Alimimina maji ya jagi kiganjani, akaosha mikono. Akaifuta kwa kitambaa chake. Akasugua viganja.

"Mimi ni daktari wa zamu," akasema. "Naomba ruhusa nikuguse."

Akanyoosha mkono wa kulia, kimo cha kitanda.

Mkono ukagota.

Shuka. Alilijua lile shuka la hospitali, jepesi, limefuliwa mpaka likawa karatasi. Chini ya shuka, joto. Joto la kuunguza. Akabonyeza taratibu. Tumbo halikubonyea. Gumu. Gumu lote, kuanzia kitovuni mpaka chini. Kitu kikashtuka chini ya vidole vyake. Akasikia pumzi fupi fupi, karibu na kiwiko chake. Alikumbuka kwamba ukibonyeza tumbo hutazami mkono, unatazama uso. Akatazama pale ambapo uso ungekuwa.

Hakuona uso. Aliona ukuta.

Lakini kuna mkono ulioshika kifundo cha mkono wake. Haukumvuta. Ulimshika tu, na sauti ikanong'ona, bila hasira hata kidogo, sauti ya mtu aliyesubiri basi na basi likafika.

"Dada yako alisema utakuja."

Karani alimkuta pale amepiga magoti, mkono umenyooka hewani, koti limelowa jasho mgongoni. Alidhani ni kiharusi. Akamwita mlinzi wamsaidie kumnyanyua, daktari akawaambia hajambo, akatoka kwa miguu yake mwenyewe mpaka ofisini.

Alilichana jibu lililochapwa. Aliandika jingine kwa mkono, kurasa mbili, hakuacha kitu. Aliandika kwamba muuguzi alimwita mara tatu. Aliandika kwamba hakumpima mgonjwa, kwamba aliongeza neno moja la uongo kwenye faili, na kwamba yeyote anayesoma utafiti wake juu ya wagonjwa wanaocheleweshwa ajue mgonjwa wa kwanza aliyemchelewesha ni nani. Nakala akampelekea mkuu anayeondoka. Ya Baraza aliipeleka mwenyewe, akasimama dirishani mpaka ikagongwa muhuri. Ilikuwa saa sita na nusu.

Alimkuta dada uani akianua nguo. Akamwambia waketi. Akamweleza yote, tangu karatasi ya kwanza hadi muhuri. Dada alisikiliza huku akikunja nguo, shati baada ya shati. Daktari alipofika kwenye habari ya barua, mikono ya dada ikasimama.

"Mimi nilishawaandikia wiki iliyopita," akasema. "Waliniuliza na mimi."

"Uliwaandikia nini?"

"Kwamba sikukuita. Unapewa ukuu wa chuo, mdogo wangu. Nilisema wasije wakakuharibia."

Daktari anasema kwamba katika maisha yake amepasua watu, ameshika mioyo ya watu mkononi, lakini hajawahi kuumizwa na kitu kama shati lile lililokunjwa nusu. Alilia kama mtoto. Dada hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka amalize, kisha akauliza swali moja tu, kama alivyokuwa akiuliza wauguzi wadogo wanapopokezana zamu.

"Ulimgusa?"

"Nilimgusa."

"Alikuwa wa baridi?"

"Hapana. Ana homa kali."

Dada akaushika mkono wake wa kulia. Akauachia. Akaushika tena, akaugeuza kiganja juu, akauweka shavuni kwake. Kisha akaingia ndani na kurudi na kipimajoto, kile cha zamani cha kioo ambacho mdogo wake hakujua kwamba bado anacho. Akamwekea kwapani, digrii thelathini na sita na nusu, mtu mzima wa afya. Akakiweka ndani ya kiganja cha kulia, akafunga vidole juu yake, wakangoja. Alipokitoa alikitazama kwenye mwanga muda mrefu, na hakumwambia kilisomeka ngapi.

Baraza liliichukua barua ya ndugu na kuitupa ya dada. Dada alirudishwa kwenye orodha ya wauguzi akiwa na miaka sitini na mitano. Alisoma uamuzi ule amesimama mlangoni, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango mpaka kesho yake. Daktari hakupata ukuu, na shauri lake bado lipo mbele ya Baraza la Madaktari. Anasema wakimnyang'anya cheti hatakata rufaa.

Mkono haujapona. Wenzake wameupiga picha, wamepima damu yake, wameandika kurasa na kurasa, na hawajapata kitu. Tangu siku ya pili, mchana una joto la kawaida. Jioni unaanza kuchemka. Saa mbili usiku umepanda, saa sita umepanda zaidi, na ukiuweka ndani ya ndoo ya maji baridi, maji ndiyo yanayobadilika. Dada hahitaji tena kipimajoto. Anamwambia saa fulani utafika kiasi fulani, na unafika, kwa sababu chati ya homa ya usiku ule aliiandika yeye mwenyewe.

Saa kumi na moja kasoro dakika chache, kila alfajiri, kabla ya jogoo wa kwetu kuwika, tunaona taa ya chumba cha daktari ikiwashwa. Ni dada. Huvuta kiti, huketi kando ya kitanda cha mdogo wake, na kuushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Saa kumi na moja kamili mkono hupoa ghafla mpaka kucha zinageuka rangi, na hubaki hivyo, wa baridi kabisa, mpaka jua lichomoze. Dada hauachii.